Mawe Yetu Nayo Yaingie Kwenye Daftari

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Historia na Utamaduni katika harambee ya mwaka ya Chama



Tunaishukuru Kamati Kuu kwa kutupa nafasi hii kabla ya kupitisha bahasha. Tunajua wengi wenu mmekuja mkiwa na fungu la madawati, fungu la zahanati na fungu la ada za wanafunzi. Hatukuja kuyapunguza mafungu hayo. Tumekuja kutoa taarifa ya safari mliyotutuma na kuomba fungu dogo litakalokaa chini ya hayo makubwa.

Mtakumbuka kwamba mkutano mkuu wa mwaka jana uliletewa malalamiko kutoka nyumbani. Kilima kimoja ambacho wazee wamekiheshimu miaka yote, chenye mawe yaliyopangwa na watu wa kale, kilikuwa kimevamiwa na wachimba kokoto. Mawe yalipakiwa kwenye lori mchana kweupe. Hakuna aliyekamatwa, kwa sababu hakuna karatasi yoyote iliyosema kwamba mahali pale pana thamani. Mkutano ukatuagiza tukaangalie wenzetu wanavyotunza sehemu za namna hiyo, turudi na jibu linalotekelezeka. Tulikwenda watu watano, kwa nauli zetu wenyewe. Na kwa kuwa kalamu ya taarifa hii imeshikwa na mhasibu, mtatuvumilia tukizungumza sana habari za daftari.

Tulichagua kwenda Nakuru, nchini Kenya. Wapo waliouliza kwa nini tuvuke mpaka wa Namanga. Jibu ni kwamba Nakuru inafanana na kwetu. Ni mji wa nyanda za juu, asubuhi unavaa sweta, pembezoni kuna mahindi, viazi na ngano. Ni mji wa njia panda uliokua haraka, mpaka mwaka 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Na pembeni ya jiji hilo, kilomita chache tu kutoka katikati, kipo kilima kiitwacho Hyrax Hill. Jina hilo ni la wale wanyama wadogo tunaowaita pimbi, waliokuwa wamejaa kwenye miamba yake. Juu ya kilima hicho na chini yake kuna makaburi ya kale yaliyofunikwa kwa mabamba ya mawe, na maduara ya mawe yaliyojengwa na watu waliokuja baadaye sana. Vyote bado vipo, wakati nyumba za watu zimesogea mpaka karibu na uzio.

Tuwaeleze tulichokiona.

Ukifika unapokelewa kwenye nyumba ya kawaida ya shambani. Ndiyo makumbusho yenyewe. Vyumba ni vichache, vitu ni vichache, lakini kila kimoja kina namba na maelezo. Kutoka hapo kijana mwongozaji anakupeleka kwa miguu. Kituo cha kwanza ni makaburi. Kaburi moja limeachwa wazi ili wageni waone lilivyojengwa: mabamba mazito yaliyowekwa juu ya marehemu kama mfuniko. Wataalamu wanayahesabu makaburi hayo kuwa ya wafugaji wa kale sana, watu walioishi kabla chuma hakijajulikana katika eneo lile, yapata miaka elfu tatu iliyopita. Visu vyao vilikuwa vipande vya jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa iliyovunjika.

Jambo moja katika makaburi hayo liliwagusa sana akina mama wawili tuliokuwa nao. Wanawake walizikwa na vyombo: mabakuli ya mawe, sahani za mawe na michi ya kusagia. Wanaume hawakuwekewa vyombo hivyo. Dada yetu mmoja akasema, "Kumbe jiko lilikuwa na heshima hata kaburini." Tulicheka, lakini tulinyamaza pia. Kuchonga bakuli la jiwe kwa kutumia jiwe jingine si kazi ya siku moja. Watu wale waliona mwenye chombo hicho anastahili kuondoka nacho.

Ukiendelea unafika kwenye maduara ya mawe, misingi ya kuta zilizozunguka makazi. Upande mwingine wa kilima kuna mashimo mapana ambayo wenyeji wa kule huyataja kwa jina la Wasirikwa. Watu walichimba boma la ng'ombe likazama ardhini na kujenga nyumba zao pembeni, ili usiku mifugo iwe salama. Haya ni ya karne chache tu zilizopita, si ya wakati mmoja na makaburi. Kileleni kuna duara jingine la mawe ambalo watu wamezoea kuliita ngome, na kutoka hapo unaliona Ziwa Nakuru lote. Wataalamu wanasema zamani ziwa hilo lilikuwa kubwa mno, maji yakafika mpaka chini ya kilima. Mahali unapopita leo kwa viatu palikuwa ufukwe.

Na wapenzi wa bao, sikilizeni hili: kwenye mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa, mistari imenyooka vizuri kabisa. Mzee wetu mwalimu mstaafu alitaka kukaa chini acheze. Hatukuwa na kete.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya kilima kile, maana ndiyo iliyotupeleka.

Mwaka 1926 mtafiti Louis Leakey alipita maeneo yale akaona dalili kwamba pana kitu. Mwaka 1937 mkewe, Mary Leakey, akaanza kuchimba, kazi ikaendelea mpaka 1938. Mwaka 1943 serikali ya kikoloni ikatangaza mahali hapo kuwa mnara wa kitaifa. Mwaka 1965, baada ya mama aliyekuwa mwenye shamba kufariki, nyumba yake ikaingizwa kwenye eneo la hifadhi na kufanywa makumbusho. Leo panasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Hesabuni wenyewe. Kutoka kuona mpaka kuandikwa rasmi ilichukua miaka 17. Kutoka kuandikwa mpaka kupata nyumba ya makumbusho ilichukua miaka mingine 22. Katika miaka hiyo 22 hapakuwa na makumbusho. Lakini palikuwa na tangazo, na tangazo lilitosha kuzuia mtu asije na lori. Hilo ndilo somo la kwanza tulilorudi nalo: karatasi ilitangulia jengo.

Somo la pili ni kwamba mawe yale ni ya kawaida tu. Tulidhani tutaona majabali ya kutisha yaliyosimamishwa mbinguni. Hapana. Mengi ni mawe ambayo watu wawili wanaweza kuyanyanyua. Asiyeelezwa atapita akidhani ni mawe ya shamba. Thamani yake iko katika namna yalivyopangwa, na mpangilio ndicho kitu cha kwanza kufa jembe au sururu inapofika. Ukiyatoa mawe mia moja kwenye duara na kuyarundika pembeni, hujapoteza jiwe hata moja, lakini duara limekufa na halitafufuka.

Hili tungeweza kulijua bila kuvuka mpaka. Kila anayepanda basi Makambako kwenda Dar es Salaam anapita Isimila, yapata kilomita 20 kabla ya kufika Iringa mjini. Wangapi kati yetu wameshuka pale? Zana za mawe za Isimila ni za zaidi ya miaka laki mbili, mashoka ya mkono yaliyochongwa na binadamu wa kale kabisa. Zilikuwa zimelala kwenye korongo, watu na ng'ombe wakipita juu yake, mpaka mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa shule kutoka Johannesburg, aliyekuwa safarini, akaziona na kuzichukulia kwa uzito. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakaja kuchimba. Leo wanafunzi wa nchi nyingi wanaisoma Isimila darasani, na sisi tunaiona kwa dirisha la basi.

Vilevile Mlambalasi, magharibi ya Iringa. Wote tunaijua kwa jina la Mtwa Mkwawa, kwa kuwa ndipo alipojitoa uhai mwezi Julai 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai, na ndipo lilipo kaburi lake. Wachache wanajua kwamba kwenye pango la kilima hichohicho wataalamu wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada wamefukua mabaki ya watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Mtwa alipokwenda kufia pale alikuwa anaingia kwenye kilima ambacho tayari kilikuwa na maiti wa kale kuliko jina lolote la kabila tunalolijua. Jirani zetu wana kilima cha namna hiyo. Nani atatuambia kwamba sisi hatuna, wakati hatujawahi kuhesabu?

Somo la tatu linahusu mwenyewe ni nani. Tulipokuwa kwenye makaburi ya Nakuru, mmoja wetu alimuuliza mwongozaji, "Hawa waliozikwa hapa ni kabila gani?" Akajibu kwamba hakuna kabila la leo linaloweza kusimama na kusema ni wetu peke yetu. Na bado wanalindwa. Huko Migori, magharibi ya Kenya, kuna boma la mawe liitwalo Thimlich Ohinga, ambalo UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zilijengwa bila saruji wala udongo, jiwe juu ya jiwe, na zimesimama kwa karne kadhaa. Zimesimama kwa sababu watu waliohamia baadaye, ambao hawakuzijenga, walizikuta, wakakaa ndani yake na kuzikarabati. Hawakuuliza kwanza kama aliyejenga ni babu yao.

Tunalisema hili kwa makusudi. Kwetu kuna Wabena, Wahehe, Wakinga, Wapangwa, Wasangu, na Makambako ya leo ina watu wa kila pembe ya nchi kwa sababu ya barabara kuu na reli ya TAZARA. Mradi huu usije ukageuzwa kuwa ugomvi wa nani alitangulia. Walio chini ya mawe walitutangulia sote.

Sasa tuje nyumbani, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini.

Watu wengi husema wazee wetu hawakuwa na utaratibu wa kuhifadhi. Si kweli. Walikuwa nao, na ulikuwa imara kuliko uzio wa seng'enge. Uliitwa mwiko. Mahali pa matambiko hapakatwi mti. Penye kaburi la mtwa halipitishwi jembe. Angalieni msitu na pango la Nyumba Nitu, nyumba nyeusi, mahali ambapo simulizi zetu zinasema watu walijificha wakati wa vita. Pale hakukuwa na mlinzi wa kulipwa mshahara. Kilicholinda ni maneno: wale kuku weusi hawaliwi, mti haukatwi, mgeni haingii bila mwenyeji. Mhasibu akiliangalia jambo hilo anaona kitu kimoja: mwiko ndio uliokuwa bajeti ya ulinzi. Gharama yake ililipwa na kila mtoto aliyefundishwa kuogopa.

Bajeti hiyo imekatika, na hatumlaumu mtu. Wengi wetu tumekuwa watu wa kanisa, wengine wa msikiti, na hatuwezi kurudi kuwaambia watoto waogope mizimu. Wengine tumehamia mijini, na mtoto aliyezaliwa Mbagala au Kimara hajui kilima kipi ni kipi. Ardhi nayo imepanda bei. Parachichi limeleta fedha ambayo mahindi hayakuwahi kuleta. Misitu ya kupanda imejaa milima mpaka kileleni. Barabara na nyumba za mijini zinataka kokoto. Yote hayo ni maendeleo, na chama hiki ni chama cha maendeleo. Lakini tazameni kilichotokea: mwiko umelegea, na sheria haijafika. Katikati ya hivyo viwili kuna pengo, na kwenye pengo hilo ndimo lori lilimopita.

Nakuru walikuwa na bahati: sheria iliwahi kufika. Kwetu sheria ipo, ila haina cha kushika. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya mwaka 1964, na ilirekebishwa mwaka 1979. Inatambua vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza mtu kuchimba kutafuta mambo ya kale bila kibali. Ni sheria nzuri. Lakini ofisa wa Mambo ya Kale hawezi kulinda duara la mawe ambalo hajui kama lipo, na mwenyekiti wa kijiji hawezi kumzuia mtu wa lori kwa maneno ya "wazee walisema". Anahitaji karatasi.

Kuna adui mwingine tusiyemsema hadharani. Ni uvumi wa mali ya Wajerumani. Ninyi nyote mnaujua. Mtu anaona jiwe lenye alama au rundo la mawe yaliyopangwa, anaambiwa na mganga kwamba chini kuna dhahabu iliyofukiwa wakati wa vita. Usiku anakuja na sururu na tochi. Asubuhi tunakuta shimo na mifupa imetupwa pembeni. Waliozikwa Nakuru walipatikana na mabakuli ya mawe na vipande vya mawe meusi, na hiyo ndiyo hazina ya makaburi ya kale. Ina thamani kubwa mahali ilipo na haina bei yoyote sokoni. Tukiweza kuwafundisha vijana wetu hilo peke yake, tutakuwa tumeokoa makaburi mengi.

Baada ya kusema hayo, hili ndilo pendekezo letu.

Hatuombi fedha za kujenga makumbusho. Hatuombi fedha za kuchimba. Kuchimba si kazi yetu na sheria haituruhusu. Tunaomba fedha za kutengeneza daftari. Kila kampuni au taasisi inayojiheshimu ina daftari la mali za kudumu: magari, majengo, meza, kila kimoja na namba yake, mahali kilipo, hali yake, na nani amekabidhiwa. Mkaguzi akija, kitu cha kwanza anauliza daftari hilo. Sisi kama jamii hatujawahi kuandika mali yetu ya kale kwa namna hiyo.

Kila mahali patakuwa na ukurasa mmoja. Jina la mahali kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Kijiji na kitongoji. Mwenye shamba ni nani. Kilichopo: kaburi, duara, ukuta, pango, mahali pa kufulia chuma, michoro kama ipo. Picha nne, moja kila upande. Simulizi ya mzee angalau mmoja, iliyorekodiwa kwenye simu na kuandikwa. Hali ya mahali siku ile, ili anayekuja mwaka unaofuata aone kilichobadilika. Mwishoni sahihi ya mwenyekiti wa kijiji. Nakala moja kijijini, moja halmashauri, moja kwenye Idara ya Mambo ya Kale, moja kwa Chama.

Watakaofanya kazi ni vijana wetu wa kidato cha sita wanaosubiri kwenda chuo, wakiongozwa na walimu wa historia wa shule za nyumbani. Gharama ni mafuta ya pikipiki, bando la intaneti, madaftari, posho ndogo ya vijana na heshima ya kuwapelekea wazee tunaowasumbua. Tumeomba kwamba katika kila shilingi 100 itakayokusanywa leo, shilingi 5 ziende huko, kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ujao tutarudi hapa na daftari mkononi, na risiti. Mkiona hakuna kitu, mtufutie fungu hilo.

Yamekuja maswali matatu kwenye vikao vya matawi, na ni haki yajibiwe mbele ya wote.

La kwanza: mtoto anakaa chini darasani, sisi tunahesabu mawe? Ndugu, swali hilo ni la haki, na ndiyo maana tumeomba 5 katika 100 na si 50. Lakini kuna tofauti moja kati ya dawati na duara la mawe. Dawati tusilonunua mwaka huu tutalinunua mwaka ujao, pengine kwa bei ya juu kidogo. Duara litakalopakiwa kwenye lori mwaka huu halinunuliki mwaka ujao kwa bei yoyote. Katika kupanga matumizi, kisichoweza kungoja hupewa japo kidogo.

La pili limetoka kwa wazee, na ndilo zito zaidi. Wameuliza: tukiandika mahali pa siri na kupiga picha, si ndiyo tunawaonyesha njia wachimba hazina? Tulikaa na swali hili usiku mzima. Makubaliano yetu ni haya. Daftari litakuwa na sehemu mbili. Sehemu ya wazi itakuwa na jina na maelezo ya jumla. Sehemu ya kufungwa, yenye mahali kamili, itabaki kwa kijiji na Idara tu, na haitawekwa kwenye mtandao wala kundi la WhatsApp. Na pale ambapo wazee watasema hapaandikwi kabisa, hapataandikwa. Tutaandika tu kwamba mahali papo na wenyewe wameomba pasiguswe. Mwiko ukiwa bado una nguvu, sisi ni nani tuuondoe?

La tatu limetoka kwa wenye mashamba: mkikuta kaburi kwenye parachichi zangu, mtaninyang'anya shamba? Chama hiki hakina mamlaka wala nia ya kumnyang'anya mtu. Tunachomwomba mwenye shamba ni hatua chache za kutolima kuzunguka mawe, na kutujulisha kabla ya kukodisha ardhi kwa mtu wa kokoto. Kule Nakuru kilima kilikuwa ndani ya shamba la mtu, na mwenye shamba aliishi pale miaka yote. Kinachomlinda mkulima na mawe yake kwa pamoja ni maelewano yaliyoandikwa.

Kwa wenzetu mlioajiriwa kwenye halmashauri na wizara, tunaongeza neno la kitaalamu. Kwa muda mrefu viwango vya uhasibu vya sekta ya umma viliruhusu mali za urithi zisionekane kwenye hesabu. Kiwango kipya, IPSAS 45, kilichotolewa mwaka 2023 na kuanza kutumika Januari 2025, kimebadilisha hilo: mali za urithi zinazokidhi masharti ya kutambuliwa kama mali nyingine nazo zinatakiwa zionekane. Siku inakuja ambapo halmashauri itaulizwa na mkaguzi, "Mali zenu za urithi ni zipi?" Tungependa siku hiyo mhasibu wa halmashauri ya kwetu awe na pa kuanzia, na pawe ni daftari lililoandikwa na watoto wa nyumbani.

Ndugu Vanyalukolo, mezani kwenu kuna fomu ya ahadi yenye mistari minne. Mstari wa nne ndio wetu. Na kwa yule ambaye leo hana hata shilingi, kuna mchango mwingine tunaouhitaji zaidi ya fedha: nyuma ya fomu kuna nafasi tupu. Andika jina la mzee mmoja wa kijijini kwenu anayejua mawe yalipo, na kitongoji anachokaa. Vijana watampigia hodi mwezi wa sita, baada ya mvua, njia zikiwa zimekauka. Wazee hao ni wachache kila mwaka, na wengine tunaowataja leo wametimiza miaka themanini na kitu. Tafadhali jazeni fomu kabla ya chakula, mziweke kwenye kapu lililo mlangoni. Wenye namba za simu za wazee hao wamwone katibu.